Nani Kasema Nyumba za Wazee ni Mambo ya Wazungu?

Kijiweni kwetu Kariakoo, jirani na Mtaa wa Sikukuu, jambo likishasemwa na watu watatu mfululizo huwa limekwisha kuwa sheria. Sheria mojawapo iliyopitishwa pale, tena zamani kabla sijaanza kukaa kwenye lile benchi la kahawa, ni hii: Mwafrika hampeleki mzazi wake kwenye nyumba ya wazee. Hayo ni mambo ya Wazungu, watu wasio na utu. Sisi wazee wetu tunao nyumbani. Mjadala umefungwa, ongeza kashata.

Basi mshikaji wetu mmoja aliondoka mwaka 2022, ule mwaka Uingereza ilipofungua mlango kwa wageni wanaokwenda kulea wazee (mlango ambao waliufunga tena Julai 2025). Akawa anatutumia sauti kwenye simu, tunasikiliza kundi zima. Siku moja akatueleza kazi yake ilivyo. Mzee asiyeweza kusimama hanyanyuliwi kwa mikono, bali kwa mashine, na mashine hiyo inashikwa na watu wawili. Ukiwa peke yako unamsubiri mwenzako, hata kama mzee analia. Aliyelala kitandani muda mrefu anageuzwa kila baada ya saa kadhaa ili asipate vidonda, na kila ukimgeuza unaandika saa na jina lako. Maji ya kuoga yanapimwa, yasizidi nyuzi 44. Na wakaguzi wanaweza kuingia bila hodi, wakaomba hayo madaftari.

Kijiwe kizima kilicheka. "Wametupa wazazi wao, halafu wanawapimia maji!" alisema mmoja wetu, na hata mimi nilicheka.

Haikupita wiki tatu, bibi yangu mzaa mama akaanguka.

Bibi anakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo uani. Ameshavuka miaka themanini. Aliamka usiku wa saa nane kwenda uani, akakanyaga kile kidaraja kilichomwagikiwa maji ya sabuni, akaenda chini. Alilala pale mpaka adhana ya alfajiri, mpangaji mmoja alipotoka kutia udhu. Saa tatu nzima na nyonga imevunjika! Aliita, anasema, lakini siku hizi kila chumba kina feni na redio, nani atasikia?

Kikao cha ukoo kikakaa. Swali lilikuwa moja tu, nani atalala naye. Kila mtu alikuwa na sababu: huyu anakaa Mbagala, yule ana zamu bandarini, mwingine ndoa yake changa. Mjomba mmoja akajaribu kusema kwa sauti ya chini kwamba labda kuna mahali wanapolea wazee. Lo! Alipigiwa kelele kama mwizi wa kuku. "Sisi Wazungu?" Mjadala ukafungwa, kama kijiweni. Wala hakuna aliyepangwa kulala na bibi.

Ndugu msomaji, mimi si mwanahistoria. Nimeishia kidato cha nne, na riwaya yangu ya kwanza bado iko kwenye madaftari mawili yenye madoa ya chai. Lakini kelele zile zilinikera, nikaanza kwenda Maktaba Kuu na kuuliza wakubwa. Niligundua kwamba ile sheria yetu ya kijiweni ni uongo. Nyumba za wazee tunazo tangu zamani, tena moja iko ng'ambo ya maji tu. Ukisimama Kivukoni, hatua chache kutoka Posta, pantoni likiwa linapakia watu na baiskeli, unaitazama Kigamboni. Huko ndiko iliko Nunge.

Kwanza tuanze na Kariakoo yenyewe. Waingereza waliikuta Dar es Salaam wakaigawa: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma ya Mnazi Mmoja, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililotafunwa na ndimi zetu likawa Kariakoo. Hapo mtu aliyebahatika alijenga nyumba ya vyumba sita. Akifiwa na mume, mama alipangisha vyumba vitano akakaa cha sita. Kodi ilikuwa penseni yake, na wapangaji walikuwa macho yake. Asipotokea uani asubuhi, mtu alibisha hodi. Hakuna serikali iliyopanga mpango huo, ila ulifanya kazi kwa sababu wote mlitumia uani mmoja na usiku ulikuwa kimya.

Asiyekuwa na nyumba alikuwa na chama. Mji huu ulijaa vyama vya watu wa kwao. Wazaramo, kwa mfano, waliunda chama chao mwaka 1938, na kabla ya hapo kulikuwa na vyama vya ngoma za beni vyenye vyeo na sare za kuiga jeshi. Kazi moja kubwa ya vyama vya namna hiyo ilikuwa kuzika. Mtu wa mbali aliyefia mjini alipata sanda na watu wa kubeba jeneza. Nawasifu kwa hilo, lakini naona pia kwamba mtu alihakikishiwa sanda kabla ya kuhakikishiwa uji. Kumzika mtu kunamaliza siku moja, ilhali kumlisha na kumgeuza kitandani kunaweza kumaliza miaka mitano, na kazi hiyo iliachiwa atakayejitokeza.

Na asiye na nyumba wala chama? Huyo alikuwa wa serikali, na hapa historia inachukua sura nyingine. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya mafukara mwaka 1923. Mtu asiye na njia ya kujikimu alikuwa anapelekwa mbele ya hakimu, na hakimu aliweza kumwamuru atafute kazi, kumrudisha alikotoka au kumweka ndani. Mwaka 1944 ikaongezwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika "wasiotakiwa". Vijana ndio waliosombwa zaidi, wakiitwa wahuni, lakini tazama mantiki yenyewe. Umaskini wa mtu mjini ulikuwa jambo la polisi. Kama alikula au alilala wapi, hilo lilikuwa la mwisho.

Kulikuwa na waliotazama tofauti kidogo. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, alitoa fedha zake zikajenga hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa Dar es Salaam, wakati Wajerumani wakijijengea ya kwao Ocean Road, iliyofunguliwa 1897. Sewa Haji mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Jina lake ungali unalisikia Muhimbili, watu wakisema "mgonjwa wetu kalazwa Sewahaji" bila kujua wanamtaja nani. Lakini hospitali si nyumba. Mzee aliyepona homa akakosa pa kwenda anakaa na kitanda cha mwenzake, na daktari yeyote atakwambia hivyo.

Sasa turudi Nunge. Ilikuwa kambi ya wakoma. Enzi hizo ukoma haukuwa na dawa ya uhakika, na mgonjwa aliogopwa kuliko simba, kwa hiyo aliwekwa mbali. Kwa mtu wa Dar es Salaam, mbali maana yake ni maji katikati. Baadaye dawa zikapatikana, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza zitumiwe kwa pamoja ili ugonjwa upone kabisa. Ukoma ukawa ugonjwa wa kutibika kama mwingine. Ila vidole vilivyokwisha kwenda havirudi, na jamaa waliokwisha kukusahau kwa miaka thelathini hawaji kukupokea kwa ngoma. Wagonjwa wa namna hiyo walibaki kwenye makambi yao, wakazeeka. Mahali palipojengwa ili kuficha ugonjwa pakawa mahali pa kuzeekea.

Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Mahali pa kulea mzee panatakiwa papangwe kwa kumfikiria mzee, magoti yake, macho yake na usiku wake. Lakini kambi ilipangwa kwa kuwafikiria watu waliobaki nje. Wao wakiwa salama, kambi imefanya kazi yake. Hata jina linalotumika sana linasema hivyo: "makazi ya wazee na wasiojiweza". Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi kule Mwanza, Kilima ya Bukoba. Jina linawaweka pamoja mzee, kilema na fukara, kana kwamba wote wana shida moja. Mtu asiyeona anahitaji mambo yake, mwenye akili iliyoanza kupotea anahitaji mengine kabisa. Ukiwaita wote "wasiojiweza" unaweza ukadhani ukishawapa chakula na paa umemaliza.

Tulipopata Uhuru, Mwalimu Nyerere alijaribu kulitengeneza wazo lenyewe. Katika maandishi yake ya 1962 juu ya Ujamaa alisema kwamba mzee anayeonekana amekaa tu hafanyi kazi, si mnyonyaji, kwa kuwa alifanya kazi ujana wake wote. Azimio la Arusha la 1967 nalo likasema kila mtu awe mfanyakazi, ila watoto, wazee na vilema wana haki ya kutunzwa. Ni maneno mazito. Nayapenda. Lakini yalitegemea kijiji, pale ambapo shamba lipo, wakwe wapo na wajukuu wanakimbiakimbia. Kariakoo ilikuwa na ngazi, foleni na kodi ya chumba. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, malori yakapita mitaani yakisomba wale walioonekana hawana kazi wawapeleke kuzalisha. Waliokuwepo watasimulia. Mji ulikuwa unajisafisha tena, kama 1944, safari hii kwa Kiswahili.

Na mji huuhuu unaheshimu wazee kupita kiasi! TANU iliendeshwa hapa Lumumba na wazee wa mji wakiwa nyuma ya vijana. Mwalimu alipotangaza mwaka 1978 kwamba tutampiga Idi Amin, alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, Diamond Jubilee. Rais Kikwete alipokuwa na mgogoro na vyama vya wafanyakazi mwaka 2010, na wa madaktari mwaka 2012, aliwaita wazee wa Dar es Salaam akazungumza nao taifa likisikia. Mzee anayeweza kuvaa kanzu na kukaa kwenye kiti cha mbele ana nafasi yake. Yule asiyeweza kuinuka kitandani hajawahi kuitwa Diamond Jubilee, na Ijumaa ukipita kwenye maduka ya Kariakoo utawaona wenzake wamepanga mstari na vikopo.

Wenzetu wa Unguja walikwenda njia nyingine. Welezo palikuwa na nyumba ya maskini ya wamisionari Wakatoliki tangu zama za ukoloni, na baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume ikaufanya utunzaji wa wazee kuwa kazi ya serikali, ndipo Sebleni ikawa jina linalojulikana na kila mtu. Aprili 2016 Zanzibar ikaanza kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza aliajiriwa wapi. Mwaka 2020 ikatunga sheria ya mambo ya wazee. Yaani Waswahili wa visiwani, watu wa udugu na ujirani ambao hakuna atakayethubutu kuwaita Wazungu, wamekuwa na nyumba za wazee mchana kweupe, na dunia haijapasuka.

Na hao Wazungu wenyewe? Mshikaji wetu anaona mashine na madaftari anadhani walizaliwa nayo. La hasha! Sheria ya Uingereza ya 1834 ilitaka nyumba za maskini ziwe na maisha magumu makusudi, ili mtu aogope kuingia. Mume alitengwa na mkewe. Kwa kawaida mzee alivaa sare. Mwaka 1948 sheria mpya ikafuta mfumo ule, lakini majengo hayakufutika. Bwana mmoja, Peter Townsend, alizunguka nyumba 173 za wazee, na kitabu chake kilipotoka 1962 watu wakasoma kwamba wazee wengi bado wanalala katika majengo yaleyale ya zamani, vyumba vya vitanda vingi, bila kabati hata la kuweka picha ya marehemu mume. Kitabu kinaitwa The Last Refuge, yaani kimbilio la mwisho. Sheria ya kuweka viwango vya malezi ikaja mwaka 2000. Hesabu mwenyewe, tangu 1834. Kile kipimo cha maji ya kuoga tulichokicheka ni mwisho wa safari hiyo ndefu. Watu waliungua kwanza, ndipo kipimo kikaja.

Nimelitaja jina la kitabu kile kwa sababu maalumu. Tanzania ilipotoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, ilisema familia ndiyo itakayomtunza mzee, na makazi yatakuwa hatua ya mwisho. Nia ni njema, kwa sababu mzee ana raha zaidi kwake. Sera hiyo pia ndiyo iliyotambua kwamba mtu wa miaka 60 na kuendelea ni mzee mwenye haki zake, na baadaye tukaanza kuona dirisha la wazee hospitalini. Ila kimbilio likishaitwa la mwisho, ni nani atakayesumbuka kuuliza kama mlango wake unafunguka kukitokea moto? Mtu hukagua nyumba anayofikiri atakuja kulala siku moja. Sisi tumeshaapa kijiweni kwamba hatutalala huko.

Niliwahi kuingia kwenye kituo kimoja, si Nunge, ni cha mkoani, na jina sitalitaja. Tulikwenda vijana kumi na mbili na mchele, sabuni na kamera. Tulipokewa vizuri, tukaimba, tukapiga picha. Mimi nilikuwa natafuta mzee wa kumweka kwenye riwaya yangu, mwenye ndevu nyeupe na methali. Nilimpata mmoja hana ndevu wala methali. Nikamuuliza maisha yakoje, akanijibu, "Mchana mzuri." Nikangoja aendelee. Akanionyesha kwa kidevu mlango wa choo, hatua kama hamsini kutoka kitandani kwake, njia ya mchanga, hakuna taa. Dirishani kulikuwa na nondo, mlango mmoja tu, na komeo upande wa nje. Niliuliza usiku analala nani na wazee. Mlinzi, wakasema. Yuko getini. Analinda ukuta.

Sikuandika lolote siku ile. Niliona nitawaudhi watu walionipa soda. Sasa nikikumbuka naona kwamba tulipeleka sabuni mahali palipohitaji balbu mbili na mtu mmoja wa zamu.

Waandishi chipukizi wenzangu, hebu chungulieni madaftari yenu. Mzee wa kwenye hadithi zetu yuko chini ya mwembe, anatoa busara, kisha anakufa vizuri akiwa amezungukwa na wajukuu. Mimi mwenyewe nimemwandika mara tatu. Hakuna aliyeandika mzee anayeogopa kunywa maji jioni kwa sababu choo kiko mbali. Huyo ni bibi yangu. Aliniambia baada ya kuanguka kwamba alikuwa ameacha chai ya usiku muda mrefu, nami nilikuwa namletea maandazi nikidhani amechoka tamu.

Nyumba anayokaa imeshapimwa na watu wa ghorofa. Kariakoo ndivyo ilivyo, nyumba ya vyumba sita inaliwa na jengo la sakafu kumi, warithi wanagawana, na mzee anahamishiwa pembezoni kwa mtoto aliyepewa mgawo mkubwa. Huko kuna nafasi, kuna hewa. Mchana watu wote wako kazini. Penseni ya kodi imekwisha, na macho ya wapangaji nayo hayapo.

Nilirudi kwenye kikao cha ukoo na daftari. Sikuwahutubia historia ya 1923, wangenitoa mbio. Nilimpigia mshikaji Uingereza nikamuuliza yeye angefanya nini pale uani. Akajibu kama fundi: weka taa inayowaka usiku kucha, weka bomba la kushikia ukutani, sawazisha kile kidaraja, mtafutie ndoo yenye kiti ndani ya chumba, kisha panga zamu na muandike. Bomba tulinunua Gerezani, fundi akalichomelea mchana mmoja. Bibi alipopelekwa kulijaribu, akilishika kwa mikono miwili, aliuliza, "Hii nini, mmenipandisha daladala?"

Zamu tumeiandika kwenye daftari la kurasa 96, linaning'inia kwenye msumari mlangoni kwake. Mjomba aliyepigiwa kelele kachukua Jumatatu na Alhamisi. Mimi nina Jumanne na Jumamosi, binamu zangu wawili wamegawana Jumatano na Ijumaa. Jumapili bado haina jina.